Matangazo ya kuchafuana katika kura za mchujo Marekani: mfuasi ana uwezo wa kuyapunguza, akianza na mgombea wake mwenyewe

#1 Bandari Salama

Wanajamvi, salaam. Uzi huu ni mrefu na ninawaomba mnivumilie, hasa ninyi mnaoishi Marekani na mliokwisha kupata uraia, kwa sababu ni ninyi mtakaoombwa michango, mtakaopigishwa simu na mtakaotumwa kubisha hodi kwa majirani kura za mchujo zitakapowadia.

Hoja yangu ni moja. Kila msimu wa mchujo tunalalamikia matangazo ya kuchafuana, lakini malalamiko yetu tunayapeleka kwa kambi ya mpinzani, ambayo haina sababu hata moja ya kutusikiliza. Kampeni inayolazimika kumsikiliza mfuasi ni ile anayoichangia na kuifanyia kazi. Anayetaka siasa za majitaka zipungue ndani ya chama chake hana budi kuanza na mgombea wake, tena aanze mapema, kabla matangazo hayajashika kasi.

Chukueni Iowa mwaka 2004. Chama cha Democratic kilikuwa kinatafuta mtu wa kupambana na George W. Bush. Howard Dean, aliyekuwa gavana wa Vermont, alikuwa mbele kwa fedha na kwa kutajwa magazetini. Dick Gephardt, mbunge wa Missouri aliyekuwa ameshinda Iowa mwaka 1988, alijua kwamba akianguka pale safari yake imekwisha. Wawili hao wakavaana. Gephardt alimwandama Dean kuhusu Medicare, bima ya afya ya wazee, na Dean akajibu kwa matangazo yaliyomkumbusha kila mtu kwamba Gephardt aliunga mkono vita vya Iraki. Kabla ya hapo, Desemba 2003, kundi la nje, yaani lisilo sehemu ya kampeni ya mgombea yeyote, lilikuwa limerusha tangazo lenye sura ya Osama bin Laden ili kuwatia watu hofu kwamba Dean hajui mambo ya nje, na majina ya waliolilipia hayakufahamika hadi baadaye. Tarehe 19 Januari wanachama walipokutana, John Kerry alipata karibu asilimia 38, John Edwards 32, Dean 18 na Gephardt 11. Gephardt alijitoa kesho yake. Waliofaidika ni wale wawili ambao hawakuwa katikati ya ugomvi, na Edwards hasa alikuwa amejijengea sifa ya kutowasema vibaya wenzake.

Hapa ndipo mchujo unapotofautiana na uchaguzi mkuu. Katika uchaguzi mkuu wenye wagombea wawili, mpigakura niliyemtisha amkimbie mpinzani wangu ama atakuja kwangu ama atabaki nyumbani, na yote mawili yananifaa. Katika mchujo wenye wagombea watano au sita ana pengine pa kwenda, naye mara nyingi huenda kwa mtu ambaye hakumwona akirusha tope. Mshambuliaji hutumia fedha zake kumjengea mtu wa tatu.

Kuna hasara nyingine, na hii inanisikitisha zaidi. Shambulio la mchujo haliishi siku ya mchujo. Aprili 1988, katika mdahalo wa New York, Al Gore alimhoji Michael Dukakis, gavana wa Massachusetts, kuhusu mpango wa jimbo hilo wa kuwapa wafungwa ruhusa ya kutoka gerezani kwa siku chache. Gore hakumtaja mfungwa yeyote kwa jina, na alishindwa mchujo huo. Lakini kambi ya Bush mkubwa, baba wa George W. na mpinzani wa Dukakis katika uchaguzi mkuu, iliichukua hoja hiyo, na kabla ya mwaka kwisha picha ya Willie Horton, mfungwa mweusi aliyetoroka akiwa katika ruhusa hiyo na kutenda uhalifu wa kutisha, ilikuwa imeonyeshwa kwenye televisheni na kundi la nje katika tangazo ambalo hadi leo linatajwa kama mfano wa kuchochea hofu ya rangi. Bush alishinda majimbo 40. Warepublican nao yaliwapata mwaka 2012: Januari, washirika wa Newt Gingrich walimshambulia Mitt Romney kwa kazi yake katika kampuni ya uwekezaji ya Bain Capital, na kiangazi hicho kambi ya Obama ikaitumia Bain hiyo hiyo kwa miezi.

Sisemi kwamba wagombea wa chama kimoja wasikosoane. Mpigakura ana haki ya kujua mgombea alipigaje kura bungeni, alisema nini mwaka jana na anasema nini leo, na fedha zake zinatoka wapi. Tangazo la Dean kuhusu Iraki, kwa maoni yangu, lilihusu jambo zito na la kweli, na kosa lake lilikuwa la hesabu za kampeni, wala halikuwa uchafu. Ninachokipinga ni tangazo linalomkata mtu maneno katikati ili yageuke maana, linaloichezea picha yake ili aonekane wa kutisha, au linalomhusisha na adui wa taifa kwa sababu tu sura zao zimewekwa pamoja.

Mfuasi ana nini mkononi? Ana mchango wake wa kila mwezi, ambao kampeni huuhesabu kama mapato ya hakika na huona mara moja unapositishwa. Ana saa zake za kujitolea, ambazo hakuna fedha inayoweza kuzinunua kwa uaminifu ule ule. Ana nafasi ya kusimama katika mkutano wa hadhara na kumuuliza mgombea wake, mbele ya waandishi wa habari, kama atalikataa tangazo fulani kwa kinywa chake. Na ana uwezo wa kutolisambaza. Hili la mwisho linaonekana dogo, lakini anayelirusha tangazo chafu kwa marafiki mia mbili ili walaani pamoja naye amelipa nafasi ambayo kampeni ingelazimika kuilipia.

Ninawakaribisha, na hasa wale wasiokubaliana nami.

#2 Kaskazi

Mkuu Bandari Salama, nimesoma kwa makini na sikubaliani. Unawaambia watu waliomo vitani waweke silaha chini, halafu unawaonyesha Iowa peke yake.

Tazama South Carolina mwaka 2000. Katika mchujo wa Republican, John McCain alikuwa ametoka kumshinda George W. Bush kwa mbali huko New Hampshire. Alipofika South Carolina akamwagiwa kila kitu: simu zilizojifanya za utafiti wa maoni, vipeperushi, na uvumi kwamba amezaa nje mtoto mweusi, ilhali mtoto huyo ni binti waliyemuasili yeye na mkewe kutoka Bangladesh. Katikati ya dhoruba hiyo McCain aliamuru matangazo yake ya kushambulia yaondolewe. Tarehe 19 Februari akapata asilimia 42 na Bush 53, na kwa kweli mbio zake hazikuinuka tena.

Tazama na Iowa hiyo hiyo mwaka 2012. Gingrich aliongoza katika kura za maoni mwanzoni mwa Desemba 2011 na akaahidi kampeni safi. Restore Our Future, kundi lililomuunga mkono Romney, likamwaga mamilioni ya dola kumshambulia, naye akamaliza wa nne kwa asilimia 13. Baada ya hapo ahadi yake ya usafi ikaisha, na tarehe 21 Januari akashinda South Carolina. Mgombea wangu anayepakwa matope anahitaji nimsaidie kujibu. Barua ya kumkaripia haimfai kitu.

#3 Nyota ya Kivu

Ndugu zangu, mimi ninaishi Cedar Rapids, na ninapenda kuwaeleza jinsi mkutano wa Iowa ulivyokuwa kwa ndani, kwa sababu hoja ya mleta mada inaeleweka vizuri zaidi kwa aliyesimama katika chumba kile.

Februari 2020 tulikutana katika ukumbi wa michezo wa shule. Hakukuwa na sanduku wala kibanda cha siri. Kila kundi lilisimama mahali pake chini ya bango la mgombea wake, jirani akimwona jirani, na mwenyekiti akahesabu vichwa. Katika mikutano mingi, kundi lisilofikisha asilimia 15 ya waliohudhuria lilihesabiwa kuwa halina nguvu, na watu wake walikuwa huru kuhamia kwa mwingine. Dakika zile ndizo zilizoamua mambo. Watu wa makundi makubwa walivuka ukumbi kuwabembeleza wale waliobaki bila mgombea, na nilimsikia mama mmoja mtu mzima akimwambia kijana aliyemfuata: "Nyinyi ndio mliosema mgombea wangu ni mwongo, na sasa mnataka nije kwenu?" Akaenda kona nyingine, na watu wa familia yake wakamfuata.

Kijana yule hakuwa ametengeneza tangazo lolote, lakini ndiye aliyelipa deni lake. Utaratibu ule kwa upande wa Democratic umekwisha, maana mwaka 2024 walipeleka kadi kwa posta, lakini somo lake ninaliamini: mfuasi wa kawaida ndiye anayekutana na majeruhi wa tangazo ana kwa ana, ilhali aliyelitunga yuko ofisini Washington.

#4 Bandari Salama

Ahsante sana dada Nyota, umenieleza kuliko nilivyojieleza mwenyewe.

Kaskazi, mifano yako ni ya kweli na sitaikwepa. Lakini tuitazame ile ya McCain hadi mwisho. Kabla ya kuondoa matangazo yake, yeye mwenyewe alikuwa amerusha moja lililosema kwamba Bush anapindisha ukweli kama Clinton, na kwa Warepublican wa South Carolina wa mwaka ule hakukuwa na tusi kubwa kuliko hilo. Tangazo lile lilimuumiza aliyelirusha, kwa sababu alikuwa amejinadi kama mtu wa kusema kweli. Na kilichomfanya aondoe matangazo ni nini? Mama mmoja alisimama katika mkutano wake huko Spartanburg akaeleza kwamba mwanawe wa miaka 14, aliyemwona McCain kuwa shujaa, alipokea simu iliyomwita McCain tapeli na mwongo, na mtoto akavunjika moyo. Washauri wa kampeni wanalipwa fedha nyingi, lakini mwananchi mmoja mwenye kipaza sauti alibadilisha mwelekeo wa kampeni ya kitaifa kwa siku moja. Kama yupo anayedhani sauti ya mfuasi haifiki juu, huu ndio ushahidi wangu. Alichelewa tu, na upande wa pili sijasikia mtu wa namna yake aliyesimama katika mikutano ya Bush akauliza swali kama hilo. Ninachokiomba ni kwamba kila kambi iwe na mtu wa namna hiyo.

Wala si lazima mmoja aweke silaha chini peke yake. Massachusetts wametuonyesha njia. Januari 2012 Scott Brown na Elizabeth Warren, waliokuwa wakiwania kiti cha seneti, walitia saini makubaliano kwamba kundi lolote la nje likirusha tangazo, yule aliyefaidika nalo atatoa katika fedha za kampeni yake nusu ya gharama ya tangazo hilo na kuipeleka kwa shirika la hisani analolitaja mpinzani. Ule ulikuwa uchaguzi mkuu, lakini mwaka 2013 Ed Markey na Stephen Lynch waliyachukua makubaliano hayo na kuyatumia katika mchujo wa Democratic wa kiti cha seneti. Yana tundu, kwa sababu yaliyofungwa ni ya televisheni, redio na intaneti, na vipeperushi vya posta vikabaki nje. Lakini ona uzuri wake: kundi la nje likimsaidia mgombea kwa uchafu, linamtoza faini yeye mwenyewe. Hilo ni jambo ambalo wafuasi wanaweza kulidai kwa jina, katika kila mkutano wa hadhara, miezi kabla ya kura.

Njia ya pili ni kura ya kupanga wagombea kwa namba: mpigakura huandika nani ni wake wa kwanza, wa pili na kuendelea, na wa kwanza akiondolewa kura yake huhamia kwa anayefuata. Maine waliitumia kwa mara ya kwanza katika mchujo wa Juni 2018, na wagombea wawili wa ugavana, Mark Eves na Betsy Sweet, wakawaambia wafuasi wao hadharani wampe mwenzake namba mbili. New York nao wanaitumia katika mchujo wa jiji. Juni 2025 Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, na Brad Lander walifanya hivyo hivyo siku 11 kabla ya kura, ilhali wote walikuwa wanakitaka kiti kile kile cha umeya. Kundi lililomuunga mkono mpinzani wao Andrew Cuomo lilitumia zaidi ya dola milioni 20, sehemu yake ikiwa ni kumshambulia Mamdani, na baada ya namba kuhesabiwa Mamdani alikuwa na takriban asilimia 56. Sidai kwamba mapatano ya Lander ndiyo yaliyomshindisha. Nadai kwamba wafuasi wa kambi zote mbili walipata sababu ya kuheshimiana, na kila mwenye macho aliona.

Kuhusu kama uchafu unalipa: mwaka 2007 Richard Lau, Lee Sigelman na Ivy Rovner walikusanya tafiti nyingi zilizofanywa kabla yao na kuzipima pamoja. Walikuta kwamba matangazo ya kushambulia hukumbukwa zaidi, lakini hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba huleta kura, na mshambuliaji mwenyewe hupungukiwa na mapenzi ya watu. Yapo yanayofaulu, na Gingrich aliangushwa kweli. Ila desturi ya kudhani kwamba kila shambulio ni mtaji haina msingi.

#5 Shangazi Rehema

Wanangu, nimejitolea katika kampeni za mchujo zaidi ya mara moja, na ninataka kusema habari ya simu.

Kampeni moja ya jimbo letu ilitupa maelekezo ya kusoma kwa wapigakura. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mzuri, unahusu shule na nauli za mabasi. Ukurasa wa pili ulitutaka tumuulize mpigakura kama bado angemuunga mkono mpinzani wetu "akijua" kwamba alifanya jambo fulani, na jambo lenyewe lilikuwa limepindishwa. Nilimwita msimamizi, kijana mwenye adabu, nikamwambia kwamba ukurasa wa kwanza nitausoma hadi usiku lakini wa pili sitausoma. Akasema ni maagizo kutoka juu. Nikamwomba aandike huko juu kwamba aliyekataa ni mtu anayekuja kila Jumamosi. Wenzangu watatu waliokaa meza moja nami wakasema na wao waandikwe. Wiki iliyofuata ukurasa wa pili haukuwepo.

Sijui kama ni sisi au kuna sababu nyingine. Lakini nimejifunza kwamba kukataa peke yako kwa kuacha kufika hakuna anayekugundua, ilhali kukataa ukiwa umekaa kwenye kiti, simu mkononi, kunamlazimu mtu aandike.

Swali langu ni hili: wapo vijana wetu ambao hawajapata uraia, nao wanapenda kusaidia. Wanaruhusiwa?

#6 Mwalimu wa Ujiji

Shikamoo Shangazi. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hawezi kupiga kura katika uchaguzi wa taifa, lakini anaruhusiwa kuchangia na kujitolea, kwa hiyo hata yeye ana mchango wa kuusitisha. Asiye na kadi ya kijani na asiye raia haruhusiwi kutoa hata senti moja. Anaweza kujitolea bila malipo, mradi asishiriki katika maamuzi ya kampeni. Wawe waangalifu sana katika hilo.

Nina la kuongeza ambalo halijatajwa, nalo ni vituo vya televisheni. Chini ya kifungu cha 315 cha sheria ya mawasiliano, kituo hakiruhusiwi kukataza wala kukata tangazo la mgombea mwenyewe kwa sababu ya maudhui yake, hata likiwa na uongo, na ndiyo maana Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1959 kwamba kituo hakiwezi kushtakiwa kwa kashfa iliyomo ndani yake. Ulinzi huo hauyahusu makundi ya nje. Tangazo la kundi la nje kituo kinaweza kulikataa, na kikilirusha likiwa na kashfa kinaweza kufikishwa mahakamani. Kwa hiyo barua yenye ushahidi kwa meneja wa kituo, inayoonyesha sentensi ipi ni ya uongo na ukweli wake unapatikana wapi, huwa na uzito. Aidha kila kituo kinalazimika kuweka wazi mtandaoni faili la matangazo ya siasa, na humo mtu yeyote anaweza kuona nani amenunua nafasi na kwa bei gani.

Tangu sheria ya mwaka 2002, mgombea wa nafasi ya kitaifa lazima aseme kwa sauti yake kwamba ameliidhinisha tangazo. Nia ilikuwa aone haya. Baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu katika kesi ya Citizens United, Januari 2010, na wa mahakama ya rufaa miezi miwili baadaye, makundi ya nje yakaruhusiwa kukusanya na kutumia fedha bila kikomo, na kazi chafu ikahamia huko ambako mgombea halazimiki kuweka sauti yake.

#7 Kaskazi

Mwalimu amenisaidia kusema linalonisumbua. Nikisitisha mchango wangu kwa mgombea, kundi la nje halipati hasara yoyote, maana linaendeshwa na matajiri wachache. Na mgombea ataniambia kwamba sheria inamkataza kuwasiliana nalo. Nifanye nini hapo?

#8 Bandari Salama

Kaskazi, sheria inamkataza mgombea kupanga matangazo pamoja na kundi la nje. Haimkatazi kusimama mbele ya kamera na kusema kwamba tangazo fulani ni la uongo na kwamba anataka liondolewe. Anayekuambia mikono yake imefungwa, muulize kama na mdomo umefungwa, tena umuulize hadharani. Matajiri wale wanamtaka mgombea ashinde, na akilikana tangazo lao mbele ya waandishi wa habari fedha yao imegeuka hasara kwake.

Kwa kuwa wawili wameniuliza pembeni waandike nini, hii ndiyo barua ninayoitumia, na kila mmoja aibadilishe apendavyo:

"Mimi ni mchangiaji wa kila mwezi wa kampeni hii na nimejitolea katika ofisi yenu ya wilaya. Tarehe fulani, katika kituo fulani, niliona tangazo linalosema hivi na hivi kuhusu mgombea mwenzetu wa chama. Nimelichunguza na maelezo hayo si ya kweli kwa sababu hizi. Nimesitisha mchango wangu leo. Tangazo likiondolewa, au mgombea akilikataa hadharani ikiwa ni la kundi la nje, nitaurudisha siku hiyo hiyo. Bado ninamuunga mkono, na ninatarajia kumpigia kura."

Msiache kuandika tarehe na kituo, kwa sababu kampeni moja huwa na matangazo mengi yanayorushwa kwa wakati mmoja na msomaji wa barua hawezi kubahatisha mnalolisema. Na ahadi ya kurudisha mchango mwitimize siku ile ile, kabla ya saa sita usiku, ili katika hesabu zao tarehe ya tangazo kuondolewa na tarehe ya fedha kurudi zionekane pamoja.